Ejenti ameandika, ama ejenti imeandika?

Kijana mmoja wa Shela, Shela ya Malindi sio hii yetu ya Lamu, kanitumia swali ambalo limenikalisha barazani tangu alasiri. Yeye na wenzake watengeneza programu, na wameweka kifaa kinachoziruhusu ejenti za AI (programu za kompyuta zinazopewa kazi na kuifanya zenyewe hatua kwa hatua) kuandika noti kwenye wiki ya mradi wao (kurasa za pamoja ambazo kila mmoja aweza kuziandika na kuzirekebisha), yani kila ejenti ikimaliza kazi yaacha maneno pale ili ejenti ya kesho ama mtu wa kesho ajue kulifanyika nini. Sasa wamebishana, mmoja aandika "ejenti ameandika noti", mwengine "ejenti imeandika noti". Auliza: "Mwalimu, nani yuko sawa? Na hizo noti na wiki tuziiteje?"

Mwanangu, mimi nasema imeandika.

Wengi hudhani kitu kikianza kusema na kufanya kazi ya mtu basi kishapanda daraja, kishakuwa cha kuambiwa "a-". Sivyo. Kiswahili huangalia uhai, ule wa viumbe kama watu na wanyama, sio wa mimea. Mbu hana neno alilowahi kusema lakini ni mbu ameniuma, kifaru ana ki- yake mwanzoni na bado twasema kifaru amekimbia, jini hatumwoni kwa macho na twasema jini amempanda mtu. Upande wa pili, kwenye hadithi za bibi zetu mti husema kabisa, hujibu na hushauri, na bibi hukwambia "mti ukasema", hakwambii "mti akasema". Serikali imetangaza, benki imekataa, moyo umekataa. Kwa hivo ejenti hata iandike kurasa mia kwa usiku mmoja, hilo peke yake haliipi "a-".

Kinachowachanganya ni kuwa neno lenyewe tunalo tayari kwa mtu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 ejenti ni yule mtu wa kibandani, na Watanzania humwita wakala. Huyo ni binadamu, ejenti amefunga, maejenti wamefunga. Hii ya kompyuta ni ejenti imekwama, ejenti zimekwama. Na muangalie mahali pa kuteleza: ukisema "ejenti yangu" hujasema lolote bado, manake twasema pia rafiki yangu, ndugu yangu, na ni watu hao. Ile "ya-" haitoboi siri, ni kitenzi ndio hutoboa. "Ejenti yangu amefunga", nimekosa pesa. "Ejenti yangu imefunga", programu imezimika. Herufi moja hiyo, na nyinyi mwataka kuitupa!

Lakini mwanangu, umenitumia pia mfano wa noti tatu zilizoandikwa na ejenti zenu na mimi hapo ndipo moyo uliponiuma zaidi kuliko kwenye swali lako. Moja yasema "Faili la zamani limefutika." Hebu fikiria mtoto aliyevunja kikombe, mamake akiuliza ataambiwa "kimevunjika", hawezi kusema "kimevunjwa" kwa sababu akisema hivo swali la pili ni "na nani?" Ndio kazi ya ile -ika, humficha mtendaji, jambo laonekana limejitokea lenyewe. Faili halikufutika, limefutwa. Mipangilio haikubadilika, imebadilishwa. Na ukishaweka -wa basi weka na "na": limefutwa na ejenti gani, kwa agizo la nani.

Noti ya pili yasema "Nimebadilisha nenosiri la majaribio." Ni nani huyo "ni-"? Ejenti ikianza kazi mpya kwa kawaida haikumbuki ya jana isipokuwa isomeshwe kilichoandikwa, ndio maana mkaweka hicho kifaa, sasa itasoma "nimebadilisha" na huenda ikadhani ni yenyewe, na mtu akisoma atadhani ni mwenzake wa meza ya pili. Ukienda duka lolote la Langoni lenye daftari la deni, siku ya ubishi haliulizwi kwanza deni ni ngapi, huulizwa mwandiko huu ni wa nani. Ejenti haina mwandiko, zote zaandika sawasawa, kwa hivo jina lazima liwe ndani ya sentensi. Zielekezeni ziwache "nime-" kabisa. (Ile ya tatu ilikuwa sawa, sina neno nayo.)

Haya, noti. Pwani na bara noti ni pesa, na ukiunganisha na ejenti mtu wa Malindi ataona kibanda na elfu moja mkononi. Mimi ningesema kumbukumbu, neno lile lile la kumbukumbu za mkutano, kwa sababu kazi yake ni hiyo hiyo, kukumbusha asiyekuwepo.

Wiki nayo yaniudhi zaidi. Ward Cunningham alipoanzisha tovuti yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1995 alichukua neno la Kihawaii, wiki wiki, maana yake haraka haraka, na kwao halina tatizo. Kwetu wiki ni siku saba. "Iandike kwenye wiki ya mradi" mie nitasubiri wiki ya mradi ifike. Wengine husema hazina ya maarifa, ni zuri lakini kwa sikio langu hazina ni kitu cha kufungiwa, na hapa mwataka watu waingie na kutoka kila saa. Semeni daftari la mradi, kila mtu analijua daftari, laandikwa, lasomwa, lafutwa mstari na kuandikwa tena.

La mwisho, ulipoandika "ejenti inaandikia wiki" umekosea. Kifaa cha kuandikia, sawa, kama kalamu ya kuandikia. Lakini kumuandikia ni kumpelekea barua, ama kuandika kwa niaba yake, na daftari halingoji barua. Sema ejenti yaandika daftarini. Sentensi yako nzima basi iwe hivi: "Tumeweka kifaa ambacho ejenti za AI huandikia kumbukumbu katika daftari la mradi, na kila kumbukumbu hutaja ejenti iliyoiandika na mtu aliyeipa ejenti hiyo kazi."