Barua kwa mwanangu: maridhiano hayakai Ikulu peke yake

Mwanangu Salma,

Asalaam aleikum. Umeniuliza kwa nini viongozi wetu wamepatana mara kwa mara na bado hapa Pemba ziko nyumba zisizoamkuana. Umeuliza pia, ukija Idi kutoka Dar, uende kwa jirani zetu wa ng'ambo ya barabara kuhani msiba wao au usiende.

Wewe ulikuwa mdogo, kususiana kwenyewe hukukuona. Baada ya uchaguzi wa 1995, vyama vya CCM, kilichotawala, na CUF, cha upinzani, viliingia hadi kwenye ibada. Mtu haingii duka la mwenziwe hata chumvi ikimwishia usiku. Gari ya fulani haipandwi. Lililoniuma kuliko yote ni maziko: jeneza linapita, na watu wamekaa barazani wanalitazama tu. Maduka na magari nayasamehe. Kumwachia jirani maiti yake azike na watoto wake, hilo ni zito.

Muafaka wa Juni 1999 haukutekelezwa. Januari 2001 waandamanaji wakapigwa risasi, wakafa watu zaidi ya 30, na wengine zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Oktoba mwaka ule ule ukaja muafaka wa pili. Yote miwili ilikuwa mikataba ya vyama. Sisi tuliisikia redioni.

Maridhiano ya 2009 yalikuwa mengine. Tarehe 5 Novemba Rais wa Zanzibar, Amani Karume wa CCM, na Maalim Seif wa CUF walikutana Ikulu, na tarehe 31 Julai 2010 tukaulizwa sisi wenyewe kwa kura ya maoni. Asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja. Salma, watu walirudi kuzikana! Niliwaona waliokuwa hawasemezani wakipokezana jeneza moja, na hakuna aliyewaamrisha.

Oktoba 2015 uchaguzi ukafutwa, na kususiana kukarudi madukani. Ndiyo maana nasema ujirani wetu tuliuegemeza kwenye ukuta wa kura, na kila ukuta ukianguka nao unakwenda chini. Serikali ya umoja ilirudi Disemba 2020, nami niliiombea idumu, lakini wako wafiwa wa 2001 ambao hawajaona mtu akisimama kujibu kwa risasi zile. Mtu wa namna hiyo usimwambie asahau ili mambo ya wakubwa yaende. Haki yake haifutwi na kupeana mikono kwa watu wengine.

Kwa hiyo nenda. Usingoje mimi na baba yao tuanze, sisi tuna mengi vifuani. Nenda na mdogo wako, mchukue sukari na mchele, ingia uani kwa wanawake wenzio usaidie kupakua. Ya nyuma usiyaanze wewe. Wao wakiyaanza, wasikilize hadi mwisho, hata wakitutaja sisi.

Baba yako