Chumvi nusu kijiko

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Mvua zinabomoa nyumba, magonjwa yanazuka, bei hazishikiki. Mkristo wa kawaida, asiye mchungaji wala tajiri, afanye nini ili mtaa wake uone imani yake ina faida?" Wengi wakijibu swali la namna hii huanzia Mathayo 5:13, "Ninyi ni chumvi ya dunia," na huishia hapo hapo, kana kwamba chumvi haina kipimo. Ukimuuliza mpishi yeyote atakwambia inacho.

Basi nianze na kipimo ambacho kila nyumba ya Kikristo ingepaswa kukijua kama inavyoijua Baba Yetu. Mtu akianza kuharisha mfululizo usiku na zahanati iko mbali, chukua maji lita 1 yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai. Sawazisha kila kijiko kwa mgongo wa kisu, kisiwe na kilima. Makosa mengi hutokea kwenye chumvi. Mtu anaona mtoto anaisha, anapaniki, anamwagia kijiko kizima kwa huruma. Chumvi ikizidi huvuta maji badala ya kuyabakiza mwilini, na mtoto mdogo anaweza kupata degedege. Kabla ya kumnywesha, onja mwenyewe: isizidi chumvi ya machozi. Imezidi? Mwaga, anza upya. Kosa la pili ni hiyo lita. Jagi la kila nyumba lina ujazo wake, kwa hiyo pima kwa chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa lita 1. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, akitapika mpumzishe dakika 10 kisha uendelee polepole. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, ni bora kuliko mchanganyiko huu, na mtoto huongezewa vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 (chini ya miezi 6 ni miligramu 10). Cha nyumbani ni cha kumfikisha zahanati tu. Choo kikiwa kama maji ya mchele, msingoje asubuhi.

Nimeanza na kijiko kwa makusudi. Huduma nyingi za makanisa yetu wakati wa shida huharibika kama yale maji: huruma ipo tele, kipimo hakuna.

Chombo tunacho tayari. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele mwaka 1976, na Walutheri na wengineo nao wana ibada zao za nyumba kwa nyumba. Kaya 10 hadi 20 zinazokutana kila wiki na kujuana kwa majina ya watoto ni kitu ambacho serikali ingelipa fedha nyingi kukipata. Lakini kipindupindu kikiingia mtaani, jumuiya hiyo hiyo inaweza kukisambaza: kikombe kinachozungushwa, mikono inayoshikana, wali wa pamoja kwenye sinia. Kwa hiyo msimu huo ibada ianze na ndoo yenye koki na sabuni mlangoni. Maji ya kunywa yatokote kwa dakika 1, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha yangojwe dakika 30. Watu hushindwa kwenye hizo dakika 30, si kwenye dawa. Palipotapikwa, jiki ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe 1 kwa maji vikombe 6, humwagwa na kuachwa dakika 10 kabla ya kufuta. Ichanganywe upya kila siku, isiguse ngozi, na isichanganywe na dawa nyingine ya choo, maana hutoa hewa yenye sumu. Akifariki mtu, mwili waachieni watu wa afya na msibani pasipikwe. Wafiwa wapelekewe fedha au vyakula vikavu. Yuko atakayesema huko ni kukosa imani. Huyo naye anawe mikono.

Sasa mfuko, mahali ambapo jumuiya nyingi huvunjika. Wanaocheza VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wana hekima ambayo kanisa linaweza kuiazima bila aibu: sanduku lenye kufuli 3, funguo kwa watu 3 tofauti, fedha zinahesabiwa mbele ya wote na jumla inasemwa kwa sauti mwanzo na mwisho wa kikao. Mfuko wa jamii hukaa kwenye mfuko wake, mbali na fedha za mikopo. Kaya 15 zikitoa shilingi 1,000 kila wiki, wiki 4 ni 60,000. Si nyingi, lakini ndiyo nauli ya hospitali ya rufaa usiku ule ambao hakuna wa kumkopa. Mambo matatu huua mfuko huu. La kwanza, kuukopesha "kwa muda mfupi" kwa mwanajumuiya mwenye biashara: siku ya dharura fedha ziko kwenye mzigo wa nyanya. La pili, kuweka fedha kwenye laini ya simu ya mhazini mmoja, kwani akipoteza simu au akifariki, jumuiya inabaki kubishana na ndugu zake. La tatu, aibu ya kukaguana, eti sote tumeokoka. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya Yerusalemu alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, mmoja amechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kumlaumu kwa habari ya fedha ile. Iko katika 2 Wakorintho 8. Mtume aliona haja ya mashahidi. Mhazini wa jumuiya asione ametukanwa.

Chakula nacho kina hesabu yake, na watu wengi hawaifanyi. Kipimo cha kufanyia kazi ni unga gramu 400 kwa mtu kwa siku, maharage au jamii nyingine ya kunde gramu 60, mafuta gramu 25, chumvi gramu 5. Familia ya watu 5 kwa siku 7 inahitaji unga kilo 14, kunde kilo 2 na kidogo, mafuta karibu lita 1, chumvi chini ya robo kilo. Kaya 15 zikitenga kila moja kopo la nusu kilo la unga kwa wiki zinapata kilo 7 na nusu. Yaani jumuiya moja inaweza kulisha familia moja kila baada ya wiki mbili, basi. Ikitangaza kwamba itasaidia "wahitaji wote wa mtaa," itatoa kilo moja moja kwa watu kumi na tano, picha itapendeza, na keshokutwa wote kumi na tano watakuwa na njaa. Bora jumuiya mbili ziungane na kushika nyumba moja wiki 6 mfululizo, mpaka kibarua kipatikane au mavuno yaingie. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ila kumbukeni methali haisemi mpe jembe siku ya kwanza.

Na mfuko wa chakula ufunguliwe kwa macho ya anayeupokea. Maharage makavu huchukua saa mbili tatu jikoni. Mama asiye na mkaa mmempa deni. Ongezeni kopo la mkaa na kiberiti, au badilisheni maharage kwa choroko na dagaa vinavyoiva upesi. Mahindi ya punje yanadai fedha ya kusaga. Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kupewa mtu wala kuku: sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 huko Ukambani, Kenya, watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Mtu anayetoa gunia lililoharibika "kwa maskini" kwa kuwa yeye halili hajatoa sadaka. Sabuni mche mmoja isisahaulike, na pale penye binti aliyevunja ungo, pedi. Hazitajwi kamwe kwenye orodha kwa sababu orodha huandikwa na wazee wa kiume.

Nani apewe? Hapa Matendo 6 panafundisha kuliko semina yoyote. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie, wala hawakuunda kamati ya Waebrania wenye huruma. Watu saba walichaguliwa, na tazama majina: Stefano, Filipo, Nikolao na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Waliolalamika kuwa wamesahauliwa ndio waliokabidhiwa meza. Mtaani kwenu maana yake ni kwamba majina ya wahitaji yasitoke kwenye daftari la washarika peke yake. Mwende kwa balozi wa nyumba kumi, mwende kwa imamu wa msikiti wa jirani, muwaombe kila mmoja majina matano bila kuonyeshana, kisha mlinganishe. Jina linalotokea mara mbili liende juu. Kwenye kamati awepo mpangaji, maana wenye nyumba hawajui ni nani amelala bila kula chumba cha uani. Na awepo jirani Mwislamu kama mtaa una Waislamu. Atawaambia pia kwamba mwezi wa Ramadhani mfuko ufike kabla ya futari, si saa sita mchana.

1 Timotheo 5 inaongeza swali moja gumu: huyu bibi ana watoto au wajukuu? Kama anao mjini, mmoja wao apigiwe simu kwanza, kwa upole, na mtu anayemheshimu. Mara nyingi hajui hali ya mama yake, kwa kuwa mama hujibu "hatujambo" kila akiulizwa. Mficha uchi hazai, lakini wazee wetu wamelelewa kuuficha. Ndiyo maana swali la "mna shida gani?" halifai. Ulizeni leo mmepika nini, na jana. Angalieni jiko kama lina majivu ya leo.

Mfuko upelekwe jioni, na watu wawili, kwa miguu. Usitolewe Jumapili mbele ya altare. Pasiwe na picha, hata ile ya "kumbukumbu ya jumuiya tu," kwa sababu itafika kwenye kundi la WhatsApp kabla hamjafika nyumbani, na mtoto wa nyumba ile ataiona shuleni. Na siku hiyo msimwalike kanisani. Najua wapo watakaonung'unika, kwamba basi Injili itahubiriwa lini. Ihubiriwe siku ambayo hamkubeba unga, ili akikataa asihofie chakula cha watoto. Anayekuja ibadani kwa sababu ya kilo 14 huondoka zinapokwisha, na anasimulia.

Kuhusu siasa na uvumi nitasema kwa ufupi. Februari 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, Baraza la Kitaifa la Makanisa la Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Kukiri kule kulikuwa kwema, ila kulikuja watu wakishakufa. Jumuiya iwe na kanuni ya kundi la simu: hakuna sauti wala picha ya ghasia inayotumwa kabla mtumaji hajataja mtaa, saa, na mtu aliyeona kwa macho yake. Asiyeweza, afute. Na wanajumuiya wa makabila au vyama tofauti wapangwe pamoja kwenye zamu za kupeleka mfuko wakati bado kuna amani, maana fujo zikishaanza hamtawapata.

Itafika siku sanduku ni tupu. Semeni ni tupu. Yakobo anawakemea wanaomwambia mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Hawako mbali nao wale wanaosema "tutakuombea" huku wakitazama saa. Lakini zipo kazi zisizohitaji shilingi. Mzee anayekaa peke yake anahitaji ndoo mbili za lita 20 kwa siku, na kila moja ina kilo 20 ambazo mgongo wake hauziwezi. Vijana wa kipaimara waandikwe majina saba kwa siku saba, ndoo mbili kila jioni kabla ya giza, na jina la akiba kwa siku ya mtihani au homa. Anayepeleka aingie mpaka ndani amimine kwenye mtungi, asiziache mlangoni, kisha amsomee mzee maandishi ya pakiti ya dawa na kuhesabu vidonge vilivyobaki.