Mchezo wa kopa: jumla ya pointi ikikataa kufika 26

Kwenye mchezo wa karata wa kopa (Hearts), kama mko wanne na jumla ya pointi za raundi ni 25, mmehesabu vibaya, hakuna siri nyingine. Kila kopa ni pointi 1, ziko 13. Malkia wa shupaza peke yake ni 13. Jumla lazima iwe 26.

Isipokuwa mtu amezoa zote: kopa 13 pamoja na yule malkia. Huyo anaandikiwa 0, wenzake watatu 26 kila mmoja, na karatasi itasoma 78. Akikosa hata kopa moja, zile 25 ni zake. Ndiyo maana mwenye akili huhifadhi kopa moja kubwa ya kumharibia.

Kosa linaloleta ugomvi zaidi ni kutofuata aina iliyoanzishwa ilhali unayo mkononi. Kwa hiyo kila aliyekula (aliyeshinda karata nne zilizotupwa mezani) aweke karata zake mafungu ya nne nne, kifudifudi, asizichanganye. Mkibishana mnafunua fungu husika tu. Andikeni pointi kabla ya kuchanganya karata upya.

Mmoja akifika 100 mchezo umekwisha, na mshindi ni mwenye pointi chache kuliko wote.