Maswali ya wauguzi: kumpa mgonjwa dawa kwa usalama

Shikamoo, Mwalimu. Ni mwanafunzi wa uuguzi, niko mafunzo kwa vitendo Mpwapwa. Nikimwita mgonjwa kwa jina naye akaitika, haitoshi?

Marahaba. Haitoshi. Mwenye homa kali, mzee asiyesikia vizuri au mtu aliyeamshwa ghafla huweza kuitikia jina lolote, na katika wodi za huku kwetu si ajabu kuwakuta akina Mazengo wawili kwenye vitanda vinavyofuatana. Usimtajie jina; mwombe ayataje mwenyewe yote matatu, kisha uyalinganishe na faili pamoja na namba ya usajili au tarehe ya kuzaliwa. Namba ya kitanda haimtambulishi mtu, kwa kuwa wagonjwa huhamishwa. Kwa mtoto mdogo au asiyejitambua, muulize ndugu anayemuuguza.

Nipo kituo cha afya wilayani Kongwa. Hesabu za artesuneti ya sindano kwa watoto wenye malaria kali hunichanganya.

Una haki ya kuchanganyikiwa. Kichupa cha miligramu 60, ambacho poda yake huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti ya sodiamu, hutoa dawa ya nguvu mbili tofauti: ukiongeza mililita 5 za maji ya chumvi kwa ajili ya mshipa, kila mililita hubeba miligramu 10, ukiongeza mililita 2 kwa ajili ya msuli, kila mililita hubeba miligramu 20. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20, ni miligramu 2.4. Basi mtoto wa kilo 13 anahitaji miligramu 39, yaani takribani mililita 4 mshipani au 2 msulini. Anayekariri mililita na kusahau alivyochanganya atampa mtoto nusu ya dozi au mara mbili yake, na mtoto wa malaria kali hana nafasi ya kuvumilia kosa hilo.

Mpime uzito kwa mizani, wala usiukadirie kwa macho. Andika hesabu, kisha mwombe mwenzako aifanye upya kabla hajaliona jibu lako. Iliyokwisha kuchanganywa itumike ndani ya saa 1. Soma pia karatasi iliyomo kwenye boksi, maana aina nyingine huja na kimumunyisho tofauti.

Bomba la insulini likiisha, nitumie la kawaida?

Hapana. Insulini hupimwa kwa yuniti, lakini bomba la kawaida limechorwa mililita. Insulini tuliyoizoea ina yuniti 100 katika mililita 1, hivyo yuniti 10 ni mililita 0.1 tu, na ukikosea nukta umempa mgonjwa mara kumi. Andika pia neno “yuniti” kikamilifu. Herufi U husomeka kama sifuri.

Nilimpa mgonjwa dawa ya jirani yake. Hakudhurika, nikanyamaza. Moyo unanisumbua.

Nashukuru umeuliza. Saa ile ilipasa umwangalie pumzi, mapigo ya moyo na presha, umwite daktari, umweleze mgonjwa mwenyewe, na uandike kwenye faili ulichompa, kiasi na saa. Kwa kunyamaza, ulimwacha muuguzi wa zamu iliyofuata amhudumie bila kujua kilichokuwa mwilini mwake. Hata sasa hujachelewa: nenda kwa msimamizi wa wodi, mweleze dawa za wagonjwa wale zilivyokaa kwenye trei moja na nani alikuita ulipokuwa ukizigawa, ili trei zitenganishwe na anayegawa dawa asikatizwe tena.