Arei ya vipimo vitatu: tenga bafa moja, hatua zihesabu mwenyewe

Ndugu, umeuliza kwa nini gridi yako ya 400 kwa 300 kwa 4 (upana, kimo, rangi), arei (orodha ya namba) ndani ya arei ndani ya arei, inajikongoja kila unapoipitia, na kama Float32Array, arei ya JavaScript ya namba za desimali za biti 32, inaweza kubeba vipimo vitatu. Haiwezi. Ni mstari mmoja tu wa namba zilizokaa bega kwa bega kwenye kumbukumbu. Vipimo unavijenga wewe kwa hesabu, na kasi unayoitafuta iko hapo.

Tenga bafa, yaani eneo la kumbukumbu, mara moja: new Float32Array(300 * 400 * 4). Unapata namba 480,000, baiti 1,920,000, zote zikiwa sifuri tayari. Kisha panga hatua, yaani unaruka namba ngapi: kutoka rangi hadi rangi ni 1, pikseli moja kulia ni 4, mstari mmoja chini ni 1600. Mahali pa namba ya rangi c, kwenye pikseli ya x kutoka kushoto na mstari wa y kutoka juu, ni y * 1600 + x * 4 + c, zote zikihesabiwa kuanzia sifuri.

Nakusihi, fomula hiyo ikae ndani ya fanksheni moja tu. Mimi niliinakili kila nilipoihitaji, nayo nilikuwa nimegeuza x na y tangu mwanzo. Nilijaribu kwa gridi ya 256 kwa 256, mambo yakaenda sawa, maana kwenye mraba kosa hilo halionekani. Nilipoweka 400 kwa 300, robo nzima ya kulia ikatoweka, wala hakuna kosa lililoripotiwa! Ukiandika nje ya mpaka, JavaScript huitupa namba kimyakimya. Ukisoma huko unapewa undefined, na ukiijumlisha na namba unavuna NaN, yaani "si namba". Siku mbili zilikwenda hivyo. Sasa mimi huwa najaribu kwanza kwa 3 kwa 5 kwa 2, vipimo visivyofanana hata kimoja.

Kama gridi yako ni rangi za picha tu, chukua Uint8ClampedArray, yenye namba kamili za 0 hadi 255: baiti 480,000, na ukiweka 300 inabaki 255. Uint8Array ingekupa 44 (300 - 256). Kwa hesabu nyeti nenda Float64Array, yenye biti 64 kwa kila namba, kwa sababu Float32Array ukiipa 0.1 inakurudishia 0.10000000149011612.

Ukitaka mstari mmoja wa gridi, subarray(y * 1600, (y + 1) * 1600) hainakili chochote: ukiugusa mstari huo umegusa gridi yenyewe. Ukitaka nakala ya kuchezea, tumia slice.