Kaka yangu analala garini Marekani: tumrudishe Pemba au adai haki yake kwanza?

SWALI

Asalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete. Kaka yangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, aliondoka Pemba mwaka 2002 baada ya kushinda bahati nasibu ya viza ya Marekani. Mwaka 2005 akajiunga na jeshi la nchi kavu la huko, mwaka 2007 akapelekwa Iraq, na mwaka 2009 akatoka jeshini kwa heshima. Alipokuja kututembelea Ramadhani ya mwaka 2010 hakuwa yule tuliyemuaga. Alilala ukumbini badala ya chumbani, mgongo ukutani na uso mlangoni, na usiku wa kuamkia sikukuu, watoto walipowasha fataki uchochoroni, aliingia uvunguni mwa kitanda cha mama na hakutoka mpaka alfajiri. Mama anasema amechezewa, yaani amerogwa. Mimi sijui niseme nini.

Ndoa yake imevunjika, kazi ya udereva imemshinda, na huu ni mwaka wa pili analala ndani ya gari mjini Columbus, Ohio. Alituficha. Nilijua siku aliyopiga simu ya video usiku, nikaona kiti kimelazwa na nguo zimetundikwa dirishani. Anasema mwaka 2013 aliomba fidia ya mgongo alioumia jeshini, akakataliwa kwa kuwa hakufika kwenye uchunguzi wa daktari. Barua ya miadi ilikwenda kwenye nyumba aliyokwishahama. Baadaye mtu mmoja alimtoza dola 500 kwa ahadi ya kumfuatilia, kisha akatoweka. Sasa hataki kusikia tena habari ya madai. Karafuu za msimu huu tumeshauza na nauli ya kumrudisha tunayo. Je, tumkatie tiketi?

Dada mtu, Wete

JIBU

Waalaykum salaam, dada yangu. Fedha za karafuu ziwekeni kwanza. Sisemi kaka yenu asirudi kwao. Nasema asipande ndege kabla madai yake hayajafunguliwa, kwa sababu kuna mambo anayoweza kuyapata kwa wepesi akiwa Columbus ambayo akishafika Wete yatakuwa mazito au hayatapatikana kabisa.

Nianze na lililo karibu zaidi, nalo ni pa kulala. Wizara ya Maveterani ya Marekani, inayojulikana kwa herufi VA, ina simu ya bure kwa askari wa zamani wasio na makazi, inayopokewa usiku na mchana: 1-877-424-3838. Apige mwenyewe, na akiwa kule hailazimu awe na anwani wala awe amekwishakubaliwa fidia. Kupitia huko anaweza kuunganishwa na mpango uitwao HUD-VASH, ulioanza mwaka 1992, ambamo serikali humpa askari hati ya kulipiwa sehemu kubwa ya kodi ya nyumba, yeye akachangia kadiri ya asilimia 30 ya kipato chake, na hapohapo akapewa mtumishi wa ustawi wa jamii wa kumfuatilia hali yake. Wengi hudhani kwamba ni lazima fidia itoke kwanza ndipo mtu apate nyumba. Sivyo. Na hati hiyo ya kodi haihamishiki kuja Pemba.

Ikiwa siku yoyote atakupa maneno ya kukata tamaa na maisha, usingojee kupambazuke: mwambie apige 988 kisha abonyeze 1, ambayo ni simu ya dharura ya askari wa zamani.

Sasa fidia yenyewe. Ili mtu akubaliwe, kwa kawaida huhitaji vitu vitatu: ugonjwa au jeraha alilonalo leo kwa maelezo ya mtaalamu wa afya, tukio lililotokea alipokuwa jeshini, na maelezo yanayounganisha viwili hivyo. Kwa kaka yako naona zaidi ya jambo moja. Mgongo alikwishaudai, huo atauomba upya kwa fomu namba 20-0995, akiambatanisha ushahidi mpya ambao mwaka 2013 haukuwamo. Lakini hayo uliyoyaeleza ya kulala uso mlangoni na kuingia uvunguni kwa sauti ya fataki hayamo katika dai lile. Mimi si daktari na siwezi kumpa mtu jina la ugonjwa kwa barua, ila dalili hizo zinafanana mno na kile madaktari wanachokiita msongo baada ya kiwewe, ambacho VA inakitambua kuwa ulemavu unaolipiwa. Hilo ni dai jipya, fomu namba 21-526EZ. Aulizwe pia kifua. Iraq takataka za kambi zilikuwa zikichomwa katika mashimo ya wazi, na sheria iliyotiwa saini mwezi Agosti 2022, iitwayo PACT, inayahesabu baadhi ya maradhi ya njia ya hewa na saratani kadhaa kuwa yametokana na moshi huo bila askari kutakiwa kuthibitisha uhusiano.

Kabla ya fomu ndefu ya dai jipya ipo fupi, namba 21-0966, ambayo mtu hutangaza tu kwamba anakusudia kudai. Ukishaiwasilisha una mwaka mmoja wa kukusanya vyeti, na ukikamilisha dai ndani ya mwaka huo, malipo huweza kuhesabiwa tangu siku ile ya tangazo. Hii ndiyo sababu kubwa ya kukuambieni msikate tiketi kwanza: kila mwezi unaopita bila karatasi ile ni mwezi ambao huenda asilipwe tena.

Kiwango cha fidia hupangwa kwa asilimia za ulemavu, kuanzia sifuri hadi 100 kwa ngazi za kumi kumi. Kwa viwango vya mwaka 2025, asiye na wategemezi mwenye asilimia 70 alilipwa dola 1,759.19 kwa mwezi, na mwenye asilimia 100 alilipwa dola 3,831.30, na fedha hizo hazikatwi kodi ya mapato. Simwahidi kaka yako asilimia yoyote. Ajue tu kwamba aliyeshindwa kabisa kudumu kazini kwa sababu ya maradhi ya jeshini anaweza, kwa masharti maalumu, kulipwa kwa kiwango cha 100 hata kama asilimia zake hazijafika huko, kwa hiyo ile habari ya udereva uliomshinda asiione kuwa ni aibu ya kuficha. Aiseme yote.

Lile la dola 500 limeniuma. Kisheria hakuna anayeruhusiwa kumtoza askari malipo kwa kumwandalia dai la mwanzo, na anayemwandalia ni lazima awe mwakilishi aliyeidhinishwa na VA. Jimbo la Ohio lina kaunti 88, na kila moja ina ofisi yake ya kuwahudumia askari wa zamani bila malipo. Columbus imo katika kaunti ya Franklin. Aende huko na hati yake ya kutolewa jeshini, iitwayo DD 214, na kama imepotea aseme hivyo hivyo mlangoni. Nakala huombwa kwenye kumbukumbu za taifa. Atamke waziwazi kwamba hana makazi, kwa sababu madai ya wasio na makazi hupewa kipaumbele. Na kwa kuwa barua ndiyo iliyomponza mwaka 2013, aombe kutumia anwani ya ofisi hiyo au ya mtu anayemwamini, kisha awe anauliza kila wiki kama kuna miadi. Uchunguzi wa daktari asiukose kwa hali yoyote.

Umesema hataki kusikia habari ya madai. Namuelewa. Mtu aliyekwishaambiwa hapana, kisha akaibiwa, huona kuomba tena ni kujidhalilisha, na sisi watu wa visiwani tuna haya ya kuonekana tunanyoosha mkono. Lakini hii si sadaka. Alikwenda vitani mzima akarudi ameumia, na sheria ya nchi aliyoitumikia inamlipa kwa kile alichokipoteza. Mwambie hivyo kwa upole, na usimwambie mbele ya watu wengine simuni.

Kuhusu kurudi: fidia ya ulemavu ikishakubaliwa hulipwa hata askari akiishi nje ya Marekani, na upo mpango wa VA unaogharamia matibabu ya maradhi yaliyotokana na jeshi kwa wanaoishi ng'ambo. Kwa hiyo Pemba haimkimbii. Ila kama bado hajachukua uraia, kukaa nje kwa muda mrefu kunaweza kumpotezea haki yake ya ukaazi. Waliotumikia jeshi hilo kwa heshima katika kipindi kilichoanza tarehe 11 Septemba 2001 wana njia yao nyepesi ya kuomba uraia, bila ada, na ni bora alimalize hilo kabla ya safari.

Tena kuna kazi ambayo hakuna wa kuifanya ila nyinyi. VA hupokea maelezo ya ndugu kuwa ushahidi, kwa fomu namba 21-10210, na sheria inasema pale ushahidi wa kukubali na wa kukataa unapolingana, mdai ndiye anayepewa. Wewe ulimwona kabla ya vita na baada ya vita. Daktari wa Columbus hakumwona. Andika ulichokiona kwa macho yako, mwaka na mahali: alikuwa mtu wa namna gani alipoondoka 2002, alilalaje mwaka 2010, nini kilitokea usiku ule wa fataki na alisema nini alipotoka uvunguni. Usitie maneno ya kitabibu, wala usizidishe. Andika kwa Kiswahili, kisha mtu anayekijua Kiingereza vizuri afasiri na kutia saini kwamba amefasiri kwa uaminifu, mpeleke zote mbili.

Na mama naye aandikiwe yake. Hakukosea kuona kwamba mwanawe amebadilika. Kisomo na dua aendelee navyo, na hospitali nayo ifanye yake. Katika maelezo, hata hivyo, aeleze alichokiona na kukisikia kitandani pake usiku ule, bila kutaja aliyemchezea. Kama hajui kuandika, aseme wewe uandike, umsomee mpaka aridhike, kisha atie dole gumba mbele ya mashahidi wawili watakaoweka saini na anwani zao. Dole gumba la namna hiyo hukubaliwa.