Ada ya wanachuo wa jioni

Kaka, unasema serikali itafilisika ikiwalipia ada wanaosoma jioni huku wakiwa kazini. Gharama ipo, sibishi, ila usihesabu vichwa tu. Mwalimu wa Mbalizi anayegombania daladala saa kumi na nusu awahi kipindi Mbeya mjini anabeba masomo machache kwa mwaka, na kodi ya mshahara inakatwa kama kawaida. Haombi hosteli wala hela ya kujikimu. Ireland walifuta ada ya shahada ya kwanza mwaka 1996, lakini kwa wanaosoma muda wote tu. Wa jioni wakaachwa wajilipie (uonevu, kwa maoni yangu). Kinachonitisha mimi ni wale ambao wangejilipia hata bila msaada. Hapo ndipo hela ya umma itakapovuja, kwa hiyo serikali ianze na wenye mishahara midogo.